Mashini Haina Ndugu

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Daftari jipya. La zamani nililichoma Jumamosi nyuma ya jiko, Mama akidhani nachoma maganda ya mahindi. Hili nitalificha ndani ya mfuko wake wa nyuzi za kufuma. Hakuna mtu anayepekua nyuzi.

Leo asubuhi, baada ya kupandisha bendera na kuimba, citoyen Mukuka alituita chumba cha mashini. Citoyen, yaani mwananchi, ndivyo sheria inavyotaka tuitane. Mukuka ni mkuu wetu. Ana miaka thelathini na miwili, alisoma miezi minane Ubelgiji, na abacost yake, koti lisilo na tai, hupigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate. Tulisimama wawili mbele yake, Chileshe na mimi. Mekanografia, ofisi ya kadi za mashini katika kampuni yetu ya vipuri, Sodepi, ni sisi wawili, yeye, na mashini.

Alieleza. Tangu Agosti njia ya reli ya Lobito imefungwa. Vipuri vya migodi havifiki. Depo yetu imejaa vitu ambavyo hakuna anayeviomba, na vinavyoombwa havipo. Wakubwa wanataka nafasi. Kwa hiyo kila kipuri ambacho hakijatoka depo kwa miezi ishirini na minne kitaitwa maiti. Mashini itatoa orodha yenyewe. Ijumaa tarehe 21 litakuja lori la vyuma chakavu kubeba maiti wote.

Chileshe akauliza, na kama kipuri ni cha ndugu ya directeur?

"Mashini haina ndugu," Mukuka alisema. Alisema kama mtu anayesifu.

"Njo maana banaiachaka yenyewe mu baridi ya climatiseur," Chileshe akaninong'oneza. "Shiye benye ndugu tunabakia mu joto."

Nilicheka kwa pua. Kisha nikaogopa kwamba Mukuka amesikia.

Jumatano, 5 Novemba

Niandike kazi yangu, ili siku nikiulizwa niwe nimekwisha kujibu.

Kipuri kikitoka depo, mwenye depo anaandika karatasi: bon ya kutoka. Kikirudi, bon ya kurudi. Bon zinapanda hadi mezani kwangu. Mimi natoboa kadi — safu themanini, namba ya kipuri, tarehe, idadi. Kisha Chileshe anachukua kadi ile ile na bon ile ile, anapiga upya kila namba kwenye mashini ya kuhakiki. Vidole vyake visipokubaliana na vyangu, mashini inajifunga. Sheria ya kwanza ya chumba hiki: aliyetoboa hahakiki. Hakuna kadi inayoingia mashini kubwa bila kupita mikono ya watu wawili. Naipenda sheria hiyo. Kosa langu haliwezi kutoka nje peke yake.

Leo nilikuwa napanga kadi za miaka iliyopita kwa ajili ya orodha ya maiti. Nikaona kitu. Kipuri kinatoka, kinarudi siku ile ile. Kingine vile vile. Vipuri kumi na tisa, vyote shafti za pampu. Depo wanaziita arbre. Daima mwezi wa Novemba. Mwaka 1972, 1973, 1974. Na mwaka huu nane zimeshafika mezani. Sahihi zote ni moja: Kapya, mzee wa depo.

Hakuna mteja. Hakuna sababu. Chuma kinatoka asubuhi na kurudi jioni kama mtumishi.

Nimehesabu mara tatu.

Ukutani kumetundikwa daftari jekundu la kasoro. Juu yake: kila kasoro iandikwe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeandika.

Usiku nilimfikiria Baba. Alikuwa karani wa reli. Mwaka 1969 alisaini orodha ya mabehewa bila kuisoma, kwa kuwa mkubwa wake alikuwa na haraka. Orodha ilikuwa na uongo ndani. Wakamchukua siku kumi na moja. Aliporudi hakusimulia kitu, na toka siku ile hadi kufa kwake alisoma hata karatasi ya sabuni kabla ya kuitupa.

Nilijiambia: afadhali karatasi inayosema kuliko karatasi iliyonyamaza. Nikaandika mistari kumi na tisa kwa mwandiko mzuri. "Vipuri hivi hutoka na kurudi siku moja kila mwaka. Sababu haijulikani." Nikasaini.

Ningeweza kushuka depo kumwuliza Kapya. Ngazi ni ishirini na mbili tu. Sikushuka. Niliogopa atadhani namshitaki.

Mukuka alisoma akiwa amesimama. Akacheka. "Kapya anadanganya mashini yangu. Miaka yote." Kisha akasema: vizuri sana, citoyenne Kunda. Mchana aliandika amri mpya za mashini: kipuri kinachotoka na kurudi tarehe moja kihesabiwe kwamba hakikutembea. Amri yenyewe ni kadi nne. Alinipa mimi nizitoboe.

Nilizitoboa bila kosa. Mashini ya Chileshe haikujifunga hata mara moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Sodepi yote tulifyeka majani kwenye mfereji wa barabara ya Luano. Jua kali, wingu moja mbali. Nilijikuta karibu na mzee Kapya. Sijui kama miguu yangu ilinipeleka au nilijipeleka.

"Weye ni mutoto ya Kunda wa reli?"

"Ndiyo, baba."

"Uko na mabega yake. Unafyeka kama muntu anaandika." Akanionyesha namna ya kushika fyekeo.

Nilimwuliza kuhusu zile arbre za Novemba. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Alisimama wima, akapangusa jasho. "Zile ni mirefu, mutoto. Metre tatu, metre ine. Chuma kikilala upande moya miaka na miaka, kinajipinda chenyewe. Paka kidogo tu, jicho haiwezi kuona. Lakini siku unakitia mu pompe, kinatetemeka, kinavunja yote. Njo maana kila mwaka, mbele ya mvula ya nguvu, ninaitosha inje, ninaipanguza, ninaipakala grese, ninaigeuza. Mangaribi ninairudisha. Ni kama mugonjwa wa kitanda. Usipomugeuza, anatoka vidonda."

"Na bon, baba?"

"Kitu kikipita mulango, bon. Hata kama kinaenda kuota jua tu. Ni sheria ya depo."

Kisha akacheka kidogo. Alisema na mashini yetu nayo hufurahi hivyo, inaona kitu kinatembea, inakiacha. Mwaka wa 1971, mashini ya kwanza ilipofika, wakubwa walitupa arbre mbili kwa sababu hazijaombwa miaka mitatu. Mvua zikaja. Mgodi mmoja wa chini ya ardhi ukaomba zile zile.

"Tulikuwa na nini ya kubapa? Tulikuwa na karatasi ya kuonyesha tulitupa. Mayi ikapanda mu mugodi. Bantu balitoka bote, Mungu ni mukubwa. Lakini miezi ine hakuna muntu alishuka kazi."

Nilishika majani mkononi nikasahau kuyatupa. Sikumwambia. Nilisema tu, aksanti, baba.

"Kuya siku moya ku depo uone," alisema. "Bale ba kule juu habashukaka."

Jumatatu, 10 Novemba

Orodha ya kwanza imetoka. Karatasi ndefu, mikunjo na mikunjo, namba 612. Nilitafuta zile kumi na tisa kwa kidole. Zote zipo. Zimekufa.

Lakini hilo si la kwanza nililolijua leo. La kwanza lilikuwa kwenye bendera. Mwenyekiti wa comité ya chama hapa kazini alisema kuna watu depo wanaoandika bon za hewa, kwamba mwanamapinduzi hadanganyi mashini ya taifa, kwamba kuhujumu si bomu tu, hata karatasi inaweza kuhujumu. Alikuwa ameshika daftari jekundu. Daftari letu. Kidole chake kilikuwa kati ya kurasa, na nilijua ni ukurasa gani.

Mzee Kapya alisimama safu ya nyuma, kofia mkononi. Alikuwa akisikiliza kama watu wengine.

Jumanne, 11 Novemba

Kapya hayupo depo. Amesimamishwa. Msaidizi wake Mwenze ndiye ana funguo.

Mama ameuliza kwa nini sili. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 13 Novemba

Kantini. Nilipoketi, meza ikanyamaza. Wanaume wawili wa depo waliinuka na bukari, ugali wao, wakahamia meza ya mlangoni. Mmoja akasema, si kwangu, kwa hewa: huku kuna upepo, upepo wa kuandika.

Chileshe hakuhama. Alikula bukari hadi mwisho, akanawa, kisha akauliza.

"Ni weye uliandika?"

"Ni mimi."

"Kwa roho mubaya?"

"Hapana. Kwa woga."

Alijipangusa mikono. "Woga yako iko na mwandiko muzuri sana, ndugu yangu. Siku ingine andika mubaya, basishindwe kusoma."

Hakucheka. Lakini alisukuma sahani yake ya samaki kwangu. Alisema pia alichosikia kwa binamu yake anayepiga taipu za comité: watamwita Kapya Alhamisi ijayo. Wakisema ni uhujumu, haitabaki hapa. Watampeleka kwa wale wa usalama.

Ninajua maana ya "wale". Mama aliosha nguo za Baba za siku kumi na moja mara mbili, kisha akazichoma.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya misa nilimwambia Mama yote. Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Hakusimamisha mikono.

"Baba yako alisaini bila kusoma," alisema. "Weye, Albertine, ulisoma bila kuuliza. Mu nyumba moya, makosa mbili." Nyumbani bado ananiita kwa jina la ubatizo. Ofisini, ambako majina ya kizungu yamepigwa marufuku, jina hilo lingekuwa kosa la tatu.

Kisha akafunga kitambaa kichwani, akasema: enda. Usiende mikono mitupu. Akanipa unga kilo mbili.

Kapya anakaa Kasungami, mwisho wa barabara, ambapo nyumba zinakwisha na mashamba yanaanza. Mahindi yake yamefika magotini. Mkewe, mama Hortense, alipokea unga, akanipa kikombe cha munkoyo, akatuacha. Mzee alikuwa anakaza mpini wa jembe kwa waya.

Nilisema kwa haraka kabla ya kukaa. "Baba, aliyeandika ni mimi."

"Ninajua. Saba zako ziko na mukanda mu katikati, kama za ba soeurs ba misheni. Balinionyesha ile cahier nyekundu."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Uliandika kweli. Zilitoka, zikarudi. Weye ulikosa paka kuuliza tu." Akavuta waya kwa koleo. "Na miye nilikosa kupanda kule juu kubaelezea. Miaka ine. Ngazi ishirini na mbili. Nilizihesabuka."

Nililia kidogo. Hakunitazama. Alitazama jembe hadi nilipomaliza, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa.

Kisha akauliza kama Mwenze ameanza.

Sikuelewa. Ameanza nini?

"Mwaka huu niligeuza nane. Inabakia kumi na moya. Mwambie aanze na ile ya rafu ya ine, ile ndefu. Kila moya iko na alama ya chaki. Chaki iko juu, aigeuze ikuwe chini."

"Baba, Alhamisi watakuita mhujumu."

"Ile ni yangu," alisema. "Lakini arbre haiwezi kungojea comité."

Nilirudi kwa miguu hadi lami. Mvua ilinikuta njiani. Sikukimbia.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimezungumza na Mukuka. Nilijiandaa usiku kucha, hata niliandika maneno kwenye kiganja, yakafutika kwa jasho.

Nilimweleza kuhusu chuma kinachojipinda. Kuhusu 1971. Kisha nikasema: kadi ina safu themanini, sisi tunatumia sabini na tatu. Safu ya 74 ni tupu. Tukitoboa alama pale kwa vipuri vya namna hii — vya kungoja, si vya kutembea — mashini itaviacha.

Aliweka kalamu chini. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema sentensi tatu zilizofuatana.

"Nani alisema vinajipinda?"

"Citoyen Kapya."

"Iko karatasi?"

"Hapana."

"Unaona. Mashini inajua kitu kimoja tu: kilichoandikwa. Kapya alijua yote, hakuandika kitu. Ile nayo ni kosa, Kunda. Akifa kesho, anakufa na depo nzima kichwani."

Hakuwa na hasira. Na jambo baya ni kwamba anasema kweli. Nimelifikiria hadi sasa. Baba Kapya anajua chuma, Mukuka anajua mashini, na kati yao kuna ngazi ambazo hakuna aliyezipanda wala kuzishuka. Kazi yangu mimi ni kuketi katikati na kutoboa.

Nilimwomba aseme hivyo kwa comité: si uongo, ni jambo ambalo halikuandikwa.

Alifunga mlango. Akashusha sauti. Lori limekwisha kuahidiwa mtu, alisema. "Mashini haina ndugu. Mukubwa wangu anao."

Kisha akafungua mlango tena, akaniambia kwa sauti ya kawaida nirudi kazini.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Maji yanasimama uani, wapagazi wanaruka juu ya mbao.

Saa nne comité wamenitumia karatasi ya taipu, nakala tatu. Kesho saa tisa alasiri niilete imesainiwa. Nitaingia kwanza mimi, kisha Kapya. Inasema: "Mimi, citoyenne Kunda, nathibitisha kugundua bon hamsini na saba za uongo zilizoandikwa na Kapya kwa nia ya kuhujumu."

Nimeisoma mara saba. Hamsini na saba ni kumi na tisa kwa miaka mitatu, hesabu yangu. Sikuandika "uongo". Sikuandika "nia". Niliandika "sababu haijulikani", na sasa sababu inajulikana.

Nisiposaini, watauliza kwa nini. Watauliza baba yangu alikuwa nani. Watakuta jibu kwenye faili, sidhani kama faili inasahau.

Mchana nilitazama mashini ikichapa majaribio ya orodha ya mwisho. Orodha ya kweli itachapwa kesho saa kumi na moja jioni, lori linaipokea Ijumaa asubuhi. Mashini inachukua tu vilivyomo depo. Kitu kilichotoka, hakimo. Hakihesabiwi hai wala maiti. Hakipo.

Niliketi nikilitazama wazo hilo kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui cha nani.

Kutoka na kurudi siku moja — amri nilizitoboa mwenyewe, kadi nne. Mashini haikubali tena. Lakini kutoka leo na kurudi kesho, hilo halikukatazwa. Kesho kutwa pia.

Nimekwenda depo. Nimeshuka ngazi zote ishirini na mbili. Mwenze alikuwa anakunywa chai juu ya kreti. Nimemwambia mzee amesema chaki iwe chini, na kati ya zile kumi na moja hata moja bado haijageuzwa. Mwenze akasema anaogopa kugusa.

Nikamwambia bon asiandike yeye. Nitaandika mimi.

"Weye? Kuomba arbre?" Alicheka hadi chai ikamwagika. "Na mu mustari wa service unaandika nini? Ba mécanographie banaanza kupompa mayi?"

"Naandika Mécanographie. Ndiyo kweli. Na sababu: kugeuza na kupaka grese. Inaandikwa, Mwenze. Mara ya kwanza itaandikwa."

Aliacha kucheka. Akasema atafungua mlango saa moja na nusu kesho, na palan ya kuinulia itakuwa tayari. Kusaini, hapana. Ana watoto watano.

Nimemwambia Mama. Amesema nivae sketi nyeusi, grese haionekani.

Alhamisi, 20 Novemba

Sijawahi kuandika hapa mchana. Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha comité. Mtu akipita atadhani naandika ripoti.

Niseme kwa mpangilio.

Mvua ilikatika alfajiri. Mwenze alifungua mlango kama alivyosema. Wapagazi wawili, wale wale waliohama na bukari yao. Hawakunisalimu, lakini walishika mnyororo. Tulianza na ile ndefu ya rafu ya nne. Ni nzito kuliko nilivyodhani namba inaweza kuwa nzito. Miaka miwili nimetoboa namba yake na sikujua ina harufu. Inanuka mafuta ya kale, kama cherehani.

Chaki ilikuwa juu. Mshale mdogo, mkono wa Kapya.

Tuliziweka uani juu ya vigogo, chini ya turubai. Kupangusa, kupaka, kugeuza. Zile nane za mzee pia tulizitoa, ingawa zimekwisha kugeuzwa, ili zisiwemo depo jioni. Saa sita zilikuwa kumi na tisa nje. Bon kumi na tisa za kutoka, sahihi yangu, sababu imeandikwa kwa maneno kamili. Bon za kurudi ziko mfukoni, tupu. Tarehe zake ni kesho au zaidi. Mlinzi wa uani amekubali kuzilinda usiku. Alisema amewahi kulinda mabaya zaidi.

Mpagazi mmoja aliniambia wakati wa kunawa: "Mademoiselle, leo upepo umegeuka." Ndiyo salamu yake. Nimeipokea.

Kisha Mukuka alishuka. Sijawahi kumwona chini. Alivuka madimbwi akishika suruali. Alitazama zile shafti zimepangwa, akainama kwenye ncha ya ile ndefu, akafumba jicho moja akaangalia urefu wake wote, kama mtu anayetazama ndani ya bunduki. Alikaa hivyo muda mrefu. Akachukua bon ya kwanza, akaisoma. Mécanographie. Kugeuza na kupaka grese.

Nilimnyoshea ya pili.

"Zikifika juu mbele ya saa kumi na moja, mashini itazisoma," alisema. "Mashini haina ndugu." Akarudisha bon, akaondoka. Kulikuwa na grese kwenye mkono wa abacost yake.

Nilipanda nazo kwa Chileshe. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Alizihesabu, akaniangalia sketi.

"Nitatoboa miye," alisema. "Lakini nani atahakiki? Weye utakuwa kule."

Sikuwa nimefikiria. Kati ya mambo yote, hilo. Aliyetoboa hahakiki. Kadi zisizohakikiwa haziingii mashini kubwa, na sisi ni wawili.

"Enda," Chileshe alisema. "Usichelewe kwa bale. Miye natoboa. Mungu atahakiki."

Sasa niko hapa. Baba Kapya ameketi upande wa pili wa korido, kofia magotini, mlinzi kando yake. Ameona mikono yangu. Grese hadi kwenye kiwiko, sikupata sabuni ya kutosha. Kusema haruhusiwi. Aliinua vidole vyake, vyote kumi, akavikunja, kisha kimoja. Kumi na moja? Aliuliza kwa nyusi.

Niliitikia kwa kichwa: ndiyo. Zote.

Akaegemea ukuta, akafumba macho.

Karatasi ya taipu iko juu ya mapaja yangu, nakala tatu, hazijasainiwa. Kwenye ya kwanza kuna alama ya kidole gumba changu, nyeusi, juu kabisa ya neno "uongo". Kando yake nimeziweka nakala za bon kumi na tisa. Ndizo nitakazowapa. Nitasema sababu ya bon za mzee ni hii, imeandikwa hapa, na aliyeiandika ni mimi. Nimejaribu sentensi hiyo mara nyingi kimoyomoyo. Bado inakatika katikati.

Ukuta huu ni wa mbao. Nyuma yake ni chumba chetu. Nilimsikia Chileshe akitoboa, haraka, kwa hasira, kadi baada ya kadi. Kisha akamaliza. Kimya.

Kimya kirefu. Saa ya korido ni tisa na dakika ishirini.

Sasa nasikia mashini ya pili. Ile ya kuhakiki haina mlio wa tundu, ni mgongano mfupi, mkavu. Naujua kama sauti ya mtu. Lakini mkono huu siujui. Si wa Chileshe, na zaidi yake na mimi chumba kile kina mtu mmoja tu. Unakwenda polepole sana, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyejifunza zamani, mbali, na amesahau.

Kadi moja. Ya pili. Ya tatu imejifunga — nimesikia. Anaanza upya. Imepita.

Mlango wa comité umefunguliwa. Wamenitaja jina. Nimesema nakuja.

Ya nne. Mzee Kapya amefumbua macho, anasikiliza naye, hajui anasikiliza nini.

Ya tano imepita.